Diski ya mkononi, ruta, NAS au wingu: kuchagua njia ya kushirikiana mafaili ukiwa Lamu

"Nani ana diski ya bluu?"

Kwa miaka miwili hilo ndilo neno lililofungua siku studio kwetu, hata kabla mtu hajauliza kama chai imeiva. Tuko wanne kwenye ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe huku Langoni, Amu. Kazi yetu ni video za harusi, na kati ya harusi moja na nyingine tunapata vibarua vya mahoteli ya Shela. Kila kitu kilikuwa ndani ya diski moja ya nje ya terabaiti mbili, ya bluu, yenye waya mfupi uliokwisha kulegea. Aliyekuwa nayo ndiye aliyefanya kazi. Wengine watatu walikunywa chai.

Siku moja binamu yangu alikuwa akishuka boti Mokowe, mkoba begani, akateleza kwenye ngazi za gati. Yeye hakuumia, ila mkoba uligonga zege. Tulipoichomeka diski usiku ule ilitoa mlio kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha: tik, tik, tik, kisha kimya. Ndani mlikuwa na harusi moja nzima na nusu ya nyingine. Fundi mmoja wa Mombasa alifanikiwa kuokoa sehemu, lakini siku ya kupamba haikurudi. Mama wa bi harusi hakugomba. Alinyamaza tu, na mimi ningefurahi zaidi lau angegomba.

Ndipo nikaanza kutafuta njia nyingine, na tangu hapo nimewasaidia watu kadhaa mjini kuchagua zao: maalim wa madrasa, dada mmoja mwenye nyumba ya wageni, wakili mwenye makarani wawili. Kila mmoja aliishia pake. Kwa hiyo sitakwambia nunua hiki uache kile. Nitaziweka njia zenyewe ubavu kwa ubavu, wewe utazame yako.

Daftari liko kwa nani?

Wateja wengi huanza na ukubwa: terabaiti ngapi? Mimi huuliza kwanza daftari la mafaili liko kwa nani, maana hapo ndipo njia hizi zinapoachana.

Diski ya nje haina karani. Ni ghala lenye mlango mmoja, na kompyuta uliyoichomeka ndiyo inayoingia, inayopanga, inayoandika orodha ya kilichomo na kilipo. Kompyuta mbili haziwezi kuandika orodha hiyo kwa pamoja bila kuharibiana. Ndiyo maana diski ya USB ni ya mtu mmoja kwa zamu, na hakuna ujanja wa kuigawa katikati.

NAS, yaani hifadhi ya mafaili iliyounganishwa na mtandao wa nyumba, ni ghala lenye karani anayelala humo humo. Ukilifungua boksi lenyewe utakuta kompyuta ndogo: prosesa, kumbukumbu, mara nyingi mfumo wa Linux, na nafasi za diski, mbili au nne kwa boksi za watu wa kawaida. Halina skrini wala kibodi. Linaunganishwa kwa kebo ya mtandao kwenye ruta au swichi (kisanduku cha kugawa kebo za mtandao), basi. Laptopu yako haigusi diski zake kabisa; inatuma ombi. "Naomba faili la Ijumaa, kuanzia hapa mpaka hapa." Karani anatazama wewe ni nani, nywila yako ni sawa au la, folda hiyo unaruhusiwa kusoma tu au kuandika pia, halafu anakuletea kipande ulichoomba. Mwenzako akiwa amekwisha kuifungua hati hiyo kwa kuihariri, wewe utapewa uisome tu mpaka yeye amalize.

Lugha ya maombi hayo ni SMB, iliyozaliwa IBM mapema miaka ya 1980 kisha ikakuzwa na Microsoft. Watu wa Unix, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, walikuwa na yao, NFS, iliyotoka Sun Microsystems mwaka 1984. Visanduku hivi vidogo tunavyovinunua leo vina deni kubwa kwa Andrew Tridgell, Mwaustralia ambaye kwenye mwaka 1992 alianzisha Samba, programu huria inayoiwezesha mashine ya Unix au Linux kuzungumza SMB bila kununua leseni ya mtu. Apple nayo ilikuwa na lugha yake, ikaja kuitanguliza SMB kuanzia OS X Mavericks ya 2013. Ndiyo sababu laptopu ya Windows, Mac ya dada yangu na simu ya binamu zote zinaingia kwenye boksi lilelile bila ugomvi. Diski ya mkononi haina adabu hiyo: ukiiumbiza (yaani kuiandaa kupokea mafaili) kwa mpangilio wa NTFS wa Windows, Mac itaisoma lakini haitaandika bila programu ya nyongeza; ukiiumbiza kwa FAT32, haitapokea faili linalofika gigabaiti nne, na kwa video hizo si kitu.

Wingu ni jambo jingine. Daftari liko mbali, kwenye kompyuta za kampuni mnazozifikia kwa intaneti, na vifaa vyenu vinapewa nakala. Mkibadilisha faili moja watu wawili huku intaneti imekatika, ikirudi utakuta mafaili mawili yenye jina karibu sawa, na kazi ya kuamua lipi ni la kweli ni yako. Lakini wingu nalisifu kwa jambo moja ambalo NAS ya kawaida haikupi hivihivi: hati za maneno na majedwali. Watu wawili wanaandika kwenye ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, kila mmoja anaona herufi za mwenzake zikitokea. Kama kazi yako ni barua na hesabu tupu, pengine huhitaji kusoma zaidi ya hapa.

Harusi moja kwa kila njia

Kamera ikirekodi 4K, video ya ubora wa juu, kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula gigabaiti 45 (biti nane ni baiti moja). Harusi yetu ya kawaida, kamera mbili, kuanzia nikahi mpaka kupamba, inafika kama gigabaiti 300. Chukua hizo 300 uzipitishe kila mahali.

Kwa diski ya nje yenye USB 3, ikiwa ni diski inayozunguka na iko katika hali nzuri, utanakili kwa dakika 45 hadi saa moja. Diski hiyohiyo ukiichomeka kwenye tundu la zamani la USB 2 itajikokota kwa megabaiti 35 hivi kwa sekunde, yaani karibu saa mbili na nusu. NAS yenye tundu la gigabiti ina uwezo wa megabaiti 125 kwa sekunde kwenye karatasi. Uhalisia wake ni kama 110, kwa hiyo nayo ni dakika 45 hivi. Watu hushangaa hapo. Walitarajia boksi la bei kubwa liishinde diski ya mkononi kwa mbio. Haliishindi. Linachoshinda ni kwamba kazi ikishanakiliwa mara moja, hakuna anayenakili tena. Wanne wanaifungua ilipo.

Sasa wingu. Ukiwa na intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, na isikatike hata dakika, gigabaiti 300 zitapanda kwa saa 66 na ushei. Siku tatu kasoro, kwa harusi moja, na wikendi ijayo kuna nyingine. Nafasi ya bure ya Google ni gigabaiti 15 kwa akaunti, ikigawanywa na barua pepe na picha zako: hizo ni dakika 20 za kamera moja. Wanaotegemea bando la simu sina haja ya kuwafanyia hesabu. Na hata mwenye laini nzuri ana bahari ya kuiogopa: Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, Afrika Mashariki nzima ilihisi. NAS haijali hayo. Njia yake ni kebo iliyo ndani ya nyumba yako. Intaneti ikifa, mafaili yanaendelea kutembea kutoka meza hadi meza kama kawaida.

Ila njia hiyo ya ndani lazima iwe nzima. Dada wa nyumba ya wageni aliniita akilalamika kwamba NAS yake mpya ni konokono. Nilipima: megabaiti 11 kwa sekunde, haipandi wala haishuki. Namba hiyo ukiiona, usilitazame boksi, itazame kebo. Megabaiti 11 ni dalili kwamba vifaa vimekubaliana kuzungumza kwa megabiti 100 badala ya 1,000. Gigabiti inahitaji nyaya zote nane zilizo ndani ya kebo; megabiti 100 inatosheka na nne. Nilikata kichwa cha kebo upande wa baraza linaloelekea bahari, nikaufunua: waya wa kahawia ulikuwa umegeuka kijani kwa chumvi, ukakatika kwa kuguswa tu. Kichwa kipya, koleo, dakika tano. Kasi ikarudi 108. Harusi yetu kwa njia ile ya megabaiti 11 ingechukua saa saba na nusu.

Na waifai? Nyumba zetu za mawe zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta nyingine zikikaribia nusu mita. Zinatunza ubaridi vizuri na zinaua mawimbi vizuri vilevile, hasa yale ya gigahezi 5 ambayo ndiyo yenye kasi. Ruta ikiwa sebuleni, chumba cha ndani kinapata masalio. Kwa simu inatosha. Kwa kuhariri video haitoshi, na kuongeza ruta nyingine inayopokea hewani na kurusha tena hewani ni kuongeza foleni. Sisi tulipitisha kebo juu ya boriti za mikoko, tukaifunga kwa kamba nyeusi isionekane, ikashukia kwenye tundu ambalo bomba la zamani lilikuwa limekwisha kulitoboa. Tafadhali usitoboe plasta yenye nakshi kwa ajili ya kebo ya shilingi mia chache. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na hata usingekuwamo, plasta ile hakuna fundi atakayeirudisha ilivyokuwa.

Je, wahariri watatu wanaweza kukaa juu ya NAS moja? Kila mkondo wa 4K tunaorekodi ni megabaiti 12.5 kwa sekunde. Mhariri mwenye kamera mbili kwenye meza yake anavuta 25. Watatu wanavuta 75. Kwenye gigabiti zinaingia. Lakini diski inayozunguka ina vichwa vya kusomea vinavyoruka huku na huku kwa pamoja, na watatu wakiomba sehemu tatu tofauti vinachoka. Tulichofanya ni kutengeneza nakala nyepesi za kila video, tunahariri kwa hizo, na zile nzito zinaguswa mwisho tu wakati wa kutoa kazi. Programu nyingi za kuhariri zinalijua jambo hilo.

Video za kina mama

Kwa kazi yetu, hili lilikuwa na uzito kuliko kasi yote niliyoieleza.

Siku ya kupamba wanaume hawaingii. Anayepiga ni dada yangu na mwenzake, na wanaohariri ni haohao. Familia zinatupa kazi kwa sharti hilo: video ya ukumbini isionwe na mwanamume yeyote, mimi nikiwemo. Diski ya bluu ilikuwa inalivunja sharti hilo kila siku bila mtu kukusudia, kwa sababu anayeishika anaona kila kilichomo. Tuliandika "USIFUNGUE" kwenye jina la folda. Hilo ndilo lililokuwa kufuli letu.

Kwenye NAS kila mtu ana jina lake na nywila yake, na kila folda ina orodha ya wanaoruhusiwa. Folda ya ukumbini kwangu haitokei kabisa. Nikifungua boksi naona nikahi, picha za nje na kazi za mahoteli. Lakini karani ana bosi. Mwenye akaunti ya usimamizi anaweza kujiongeza kwenye orodha yoyote, na msimamizi nilikuwa mimi. Kwa hiyo folda ile tuliifunga kwa msimbo, ufunguo wake anao dada. Boksi likizimwa na kuwashwa, folda inabaki imefungwa mpaka aje aifungue. Akisafiri kwenda Malindi, kazi ya ukumbini inasubiri. Familia moja ilimuuliza dada waziwazi, "Na kakako je?" Akawaeleza utaratibu huo, wakaacha video kwetu.

Wingu nalo lina ruhusa za folda, tena nzuri. Lakini jaribu kumweleza mama mkwe kwamba video ya kupamba iko kwenye jengo la kampuni ng'ambo na kwamba iko salama. Huenda ni kweli. Mimi sijafaulu.

Zile mbili za katikati

Kabla ya kufika NAS kuna njia mbili za bei nafuu ambazo watu hunizungumzia kwa matumaini.

Ya kwanza ni tundu la USB lililo nyuma ya ruta: chomeka diski, na nyumba nzima inaiona. Inafanya kazi, na kwa picha za familia na mihadhara ya kusikiliza nitakwambia jaribu. Matatizo ni kwamba prosesa ya ruta ni dhaifu, ruhusa mara nyingi ni nywila moja ya wote, na ruta nyingi za zamani zinajua SMB ya toleo la kwanza tu. Hilo ndilo toleo ambalo programu hasidi ya WannaCry ilipitia Mei 2017 ikafunga kompyuta dunia nzima, na Microsoft ikaacha kuliweka kwenye Windows 10 mpya kuanzia Oktoba ya mwaka ule. Ndiyo maana jirani yako ananung'unika kwamba laptopu mpya "haioni" diski ya ruta wakati ile kuukuu inaiona. Usiliwashe toleo hilo kwa nguvu. Badilisha ruta.

Ya pili ni kompyuta kuukuu ya mezani. Unaweza kushiriki folda yake kwa Windows ya kawaida, ambayo itakubali hadi miunganisho 20 kwa pamoja, au uifute uweke mfumo wa bure kama TrueNAS au OpenMediaVault ikawa NAS kamili. Naipenda njia hii kwa anayependa kuchokonoa mambo. Ila fanya hesabu ya tokeni za stima. NAS ya diski mbili inakula kama wati 20: usiku na mchana kwa siku 30 ni uniti 14 na kidogo. Kompyuta kuukuu inayokaa kwenye wati 70 itakula uniti 50. Ndani ya mwaka mmoja au miwili tofauti hiyo inaanza kufanana na bei ya boksi. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ni ya katikati: Pi 4 ya 2019 ilileta tundu la kweli la gigabiti na USB 3, kwa hiyo inafaa. Zilizotangulia zilikuwa zinabanwa, usihangaike nazo kwa kazi hii.

Kabla hujatoa pesa

Boksi nyingi za NAS, ziwe Synology au QNAP, zinauzwa tupu. Bei unayoiona haina diski ndani. Nimemwona mtu akibeba boksi lake kwa furaha kutoka Mombasa, akafika Amu, akakuta ni sahani bila wali.

Diski zenyewe chagua zilizotengenezwa kukesha, na umuulize muuzaji kama ni CMR au SMR. CMR hupanga mistari yake ya data kando kwa kando; SMR huipanga ikipandana kama makuti ya paa: ukitaka kubadilisha kuti moja la chini, sharti uyainue yaliyolilalia juu yake. Zinabeba mengi kwa bei ndogo, lakini ndani ya NAS zinageuka mzigo, hasa siku diski moja imekufa na mpya inajazwa upya. Muuzaji asiyejua tofauti hiyo, chukua namba ya modeli ukaitafute mwenyewe.

Diski mbili ndani ya boksi unaweza kuzifanya mapacha, kila kinachoandikwa kwa moja kiandikwe na kwa nyingine. Hiyo ni RAID 1. Diski mbili za terabaiti nne zinakupa terabaiti nne, si nane, na moja ikifa kazi haisimami. Ukiwa na tatu au zaidi, RAID 5 inakata nafasi ya diski moja tu: tatu za nne zinakupa nane.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopotea. Mapacha si nakala ya akiba. Ukifuta folda kwa makosa, inafutika kwa wote wawili sekunde ileile. Mwizi hubeba boksi zima. Na moto wa makuti tunaujua hapa mjini jinsi unavyoruka kutoka paa hadi paa. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni inayoitwa 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. NAS ni nakala moja ya hizo tatu, haijalishi ina diski ngapi tumboni. Boksi zenye mfumo wa kupanga mafaili wa Btrfs au ZFS zina uwezo wa kukumbuka folda ilivyokuwa jana na juzi, nao umetuokoa mara mbili kutoka kwa vidole vya binamu, lakini kumbukumbu hiyo nayo imo ndani ya boksi lilelile.

Stima ikipotea ghafla, NAS inayoandika inaweza kuachwa na sentensi nusu. Nunua UPS, betri ya akiba ya stima, yenye waya wa USB wa kuunganisha na boksi. Stima ikikatika inaliambia, nalo linajizima kwa adabu kabla betri haijaisha. Diski ya nje nayo haiko salama: exFAT, ambayo wengi huitumia ili isomeke Mac na Windows, haina daftari la kukumbuka ilikuwa inaandika nini ilipokatwa.

Mahali pa kuliweka: sisi tumeliweka kwenye zidaka la chumba cha ndani, mahali ambapo bibi alikuwa akiweka sahani za kaure. Ni juu, hakuna jua, na upepo wa kusi haufiki na chumvi yake. Kosa letu la kwanza lilikuwa kulifunika kitambaa lisishike vumbi. Joto la diski likapanda mpaka nyuzi 55. Kitambaa kimetolewa, na brashi ndogo inapita kwenye feni kila mwezi.

Na usilifungulie boksi mlango wa moja kwa moja kutoka intaneti ili ulione ukiwa safarini. Januari 2022 programu hasidi iitwayo Deadbolt ilizivamia NAS za QNAP zilizokuwa wazi hivyo, maelfu yake, ikafunga mafaili na kudai bitcoin 0.03 kwa kila boksi. Kama ni lazima uingie kutoka nje, pita kwa VPN, njia ya faragha iliyofungwa kwa msimbo ndani ya intaneti. Hapo wingu lina nafuu yake, nakiri: kutuma kazi iliyokamilika kwa mteja aliye Dubai, kiungo cha wingu hakina mpinzani.

Nani alichukua nini

Maalim wa madrasa alikuwa na rekodi za sauti za darasa, chini ya gigabaiti 40 kwa jumla, na walimu watatu. "Mwanangu," akaniambia, "mimi sitaki kitu cha kukesha kikila tokeni." Tulichomeka diski kwenye ruta yao, ambayo bahati nzuri ilikuwa mpya, na flashi mbili za akiba, moja nyumbani kwake. Inamtosha.

Wakili nilimpeleka wingu la kulipia. Hati zake ni nyepesi, makarani wanaandika pamoja, naye nusu ya wiki yuko mahakamani Malindi au Mombasa na simu mkononi. NAS ingekuwa fahari tu. Alitaka kuinunua, ikabidi nimzuie mteja asinipe pesa.

Dada wa nyumba ya wageni ana NAS ya diski mbili kwa sababu ya kamera za ulinzi zinazorekodi usiku kucha. Mkondo usiokoma kama ule usiupeleke wingu kwa laini za hapa. Meneja wake hutumia folda ya pili kwa risiti.

Sisi tuna boksi la diski nne, RAID 5, UPS, swichi ya gigabiti na kebo tano. Wingu tunalitumia kwa kutuma tu. Na diski ya mkononi haikustaafu. Kuna mpya, nayo ya bluu, dada ndiye aliyeichagua rangi. Kila mwisho wa mwezi inajazwa harusi zilizokamilika, inafungwa kwa msimbo, inavikwa plastiki mbili na taulo, inavuka kwa boti mpaka Mokowe na kupanda basi kwenda kwa shangazi Malindi. Anayeibeba haruhusiwi kushuka boti nayo begani. Anampa nahodha kwanza, anashuka, kisha anaipokea.

Mara ya kwanza shangazi aliipindua mkononi.

"Hivi ndani mna nini?"

"Harusi za watu, shangazi."

"Za kina mama pia?"

"Pia."

Akaiweka kabatini chini ya kanga zake, akafunga, ufunguo akaufunga kwenye ncha ya leso.